Kutafuta Wanasesere Ugenini: Anza Makumbusho, Dukani Nenda Baadaye

Mwanasesere wa kwanza niliyemnunua ugenini ana kichwa cha huyu na kiwiliwili cha yule. Nilimkuta kwenye gulio la Jumamosi katika mji mmoja wa Ujerumani, amekalishwa mezani kati ya sahani na saa mbovu, uso wa kauri, macho ya kioo ya kahawia. Nikampenda, nikalipa, nikamviringisha katika kanga. Siku nne baadaye niliingia makumbusho nikamwona mwenzake kwenye kabati la kioo. Uso ulikuwa uleule, lakini yule wa kabatini alikuwa na mwili wa viungo vinavyokunjika magotini na viwikoni, na wangu alikuwa na mwili wa kitambaa, mpana, ulioshonewa mwanasesere mwingine kabisa. Laiti ningeanza makumbusho, ningeliona hilo mezani pale pale.

Tangu siku hiyo sivunji utaratibu: jicho kwanza, mfuko baadaye. Mwongozo huu ni wa yeyote anayesafiri, awe anaenda masomoni, kikazi, kumsindikiza mgonjwa au kumwona ndugu, akawa na siku moja au mbili za kuwatafuta wanasesere. Wengi mnawaita midoli. Mimi nabaki na mwanasesere, kwa sababu ndilo jina alilolitumia bibi yangu aliponitengenezea wa kwanza kwa gunzi la muhindi na kipande cha kanga, na baadaye wa matambara aliyeshindiliwa sufi.

Hatua ya 1: Amua unamtafuta nani

Fanya hivi kabla ya kukata tiketi. Anayesema "nataka wanasesere" tu hurudi na kile kinachouzwa uwanja wa ndege. Sema aina.

Ukitaka wale wa kauri wenye macho ya kioo, waliotengenezwa kuanzia karne ya 19 hadi kwenye miaka ya 1930, njia yako ni Ujerumani na Ufaransa. Ukitaka wa mbao, kuna kokeshi wa kaskazini mwa Japani, wasio na mikono wala miguu, na kuna matryoshka wa Urusi, wanaoingia mmoja ndani ya mwingine. Matryoshka wengi hudhani ni wa kale sana, kumbe wa kwanza alichongwa na Vasily Zvyozdochkin na kupakwa rangi na Sergey Malyutin katika miaka ya 1890. Ukitaka wa matambara, wanawake wa Kiotomí wa Amealco, jimbo la Querétaro nchini Meksiko, hushona wale wenye riboni za rangi kichwani, na mji huo una makumbusho yake ya wanasesere wa mikono. Ukitaka wa plastiki, utaanzia kwa Barbie, aliyeoneshwa kwa mara ya kwanza New York tarehe 9 Machi 1959.

Chagua aina moja kwa safari moja. Utajifunza zaidi, na utapoteza pesa kidogo.

Hatua ya 2: Tafuta mji, usitafute duka

Wageni wengi hufungua ramani ya mji mkuu na kuandika "duka la midoli". Watapata maduka ya vichezeo vipya vya watoto. Wanasesere wa kukusanya hukaa pale walipozaliwa, na walizaliwa kwenye miji midogo yenye msitu wa karibu, udongo mzuri, watu wengi na ajira chache. Mji mkuu unaweza kuwa na kabati moja la wanasesere katika jengo la vyumba mia, wakati mji mdogo wa mlimani una ghorofa nzima.

Tafuta kwa lugha ya huko. Kwa Kijerumani andika Puppenmuseum au Spielzeugmuseum, kwa Kifaransa musée de la poupée au musée du jouet, kwa Kihispania museo de la muñeca. Kwa Kijapani neno ni 人形, linatamkwa "ningyō". Linakili ulibandike kwenye ramani ya simu. Matokeo yatakuwa tofauti kabisa na yale ya Kiingereza.

Neno jingine ambalo ni dhahabu ni Puppenklinik, yaani hospitali ya wanasesere. Ni karakana ya fundi anayefunga upya mipira ya viungo, anayerudishia macho yaliyoangukia ndani ya kichwa, anayeshona wigi. Fundi huyo anamjua kila mkusanyaji wa eneo lake, na mara nyingi ana rafu ya waliotengenezwa na hawakurudiwa na wenyewe. Mimi nimepata kwa mafundi zaidi ya nilivyopata kwenye maduka yenye kibao kikubwa.

Hatua ya 3: Hakikisha mlango bado uko wazi

Makumbusho ya wanasesere mengi yalianzishwa na mtu mmoja mwenye mapenzi. Mtu huyo akizeeka, au pango likipanda, mlango hufungwa, lakini vitabu vya safari na kurasa za zamani huendelea kuutaja kwa miaka. Paris ilikuwa na Musée de la Poupée tangu mwaka 1994, karibu na Centre Pompidou. Ilifungwa mwaka 2017. Bellevue, jimbo la Washington nchini Marekani, kulikuwa na Rosalie Whyel Museum of Doll Art, jengo zima lililofunguliwa mwaka 1992. Lilifungwa mwaka 2012. Mengine hubadili jina. Ile iliyokuwa Museum of Childhood huko Bethnal Green, London, ilifunguliwa upya Julai 2023 ikiitwa Young V&A, na mpangilio wake wa ndani ni mpya.

Basi fungua tovuti ya makumbusho yenyewe, kisha tazama picha za wageni kwenye ramani na tarehe zake. Picha ya mwisho ikiwa ya miaka mitatu nyuma, andika barua pepe. Uliza mambo mawili tu: mtakuwa wazi tarehe fulani, na je, chumba cha wanasesere kinaonekana au kiko kwenye matengenezo? Barua ya mistari minne kwa lugha yao, hata ikitafsiriwa na programu, hujibiwa haraka kuliko ndefu ya Kiingereza.

Na Jumatatu. Ulaya na hata India makumbusho mengi hufungwa Jumatatu. Usipange siku yako pekee ya mapumziko iwe hiyo.

Hatua ya 4: Fuata njia moja hadi mwisho

Nitaeleza njia ninayoijua vizuri, kutoka Nürnberg hadi Sonneberg, kwa sababu inaonesha jinsi ya kusoma nchi yoyote kupitia wanasesere wake. Mwenye viza ya Schengen anaifanya kwa siku tatu bila kukimbia.

Anzia Nürnberg. Mtaa wa Karlstraße kuna Spielzeugmuseum ya jiji, iliyofunguliwa mwaka 1971 kutokana na mkusanyiko wa familia ya Lydia Bayer. Hapa utawaona wanasesere kwa mfululizo wa nyakati: wa mbao, wa nta, wa karatasi iliyopondwa kwa gundi, wa kauri. Usiondoke mjini bila kupita Germanisches Nationalmuseum, ambako kuna nyumba za wanasesere za karne ya 17, mojawapo ya mwaka 1639. Ina jiko lenye sufuria za saizi ya ukucha na vitanda vilivyotandikwa. Nyumba kama hizo zilikuwa za kuonesha utajiri wa mwenye nyumba na kumfundisha binti namna nyumba inavyoendeshwa.

Tahadhari moja: mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, Nürnberg hufanya maonesho makubwa ya biashara ya vichezeo. Ni ya wafanyabiashara tu, mgeni wa kawaida haingii, na wiki hiyo bei za hoteli hupaa. Iepuke.

Siku ya pili panda treni ya mkoa inayopita Bamberg, Lichtenfels na Coburg. Baada ya Coburg shuka Neustadt bei Coburg. Mji ni mdogo, na Museum der Deutschen Spielzeugindustrie ina safu za wanasesere waliovikwa mavazi ya asili ya mikoa na mataifa. Kwa mashabiki wa Barbie hapa ni mahali pa kusimama kidogo: kampuni ya Hausser ya mji huu ndiyo iliyomtengeneza Lilli, mwanasesere wa mtu mzima aliyetoka mwaka 1955. Ruth Handler, mwanamke aliyembuni Barbie, alimwona Lilli safarini Ulaya mwaka 1956, akamnunua, na huyo ndiye aliyemtangulia Barbie.

Kituo kinachofuata ni Sonneberg. Kwa miaka arubaini mpaka wa Ujerumani mbili ulipita kati ya miji hii miwili. Reli ilikatwa, ikaunganishwa tena mwaka 1991. Leo unavuka bila hata kujua. Deutsches Spielzeugmuseum ya Sonneberg ilianzishwa mwaka 1901 na ndiyo makumbusho ya vichezeo kongwe kuliko zote Ujerumani. Tenga nusu siku nzima. Kuna onyesho kubwa la watu wakiwa kwenye sherehe ya kijiji, lililotengenezwa kwa ajili ya maonesho ya dunia ya Brussels mwaka 1910: wachezaji, wauza vyakula, watoto, wote wana nyuso zao, hakuna wawili wanaofanana.

Kilichonigusa zaidi hapo ni kazi yenyewe ilivyogawanywa. Wanasesere wa Sonneberg hawakutoka kwenye kiwanda kimoja. Walitoka majumbani. Nyumba hii ilikanda vichwa, ile ilipaka mashavu rangi, nyingine ilishona nguo, nyingine ilisuka wigi, na watoto walifanya kazi pamoja na wazazi hadi usiku. Kisha kila kitu kilibebwa kupelekwa kwa mfanyabiashara aliyeuza ng'ambo. Mtu aliyekua akiona ukili ukisukwa nyumba kwa nyumba na tajiri akija kununua kwa bei yake, ataielewa Sonneberg kuliko kitabu kitakavyomweleza. Ukimshika mwanasesere wa kauri baada ya kuona hayo, unajua umeshika vidole vya watu kumi.

Ukibakiwa na siku ya tatu, panda treni ndogo ya mlimani hadi Lauscha, mji wa mafundi kioo. Macho mengi ya wanasesere wa Thüringen, jimbo ilimo Sonneberg, yalipulizwa hapa. Fundi Ludwig Müller-Uri, aliyekuwa akitengeneza macho ya wanasesere, ndiye aliyeanza hapo kutengeneza macho ya kioo ya kuwekewa binadamu, miaka ya 1830. Kuna makumbusho ya kioo, na karakana ambamo unaweza kumwona fundi mbele ya moto.

Hatua ya 5: Kama safari yako inaelekea kwingine

Wasafiri wengi wa kwetu huenda India kwa matibabu. Ukiwa Delhi na mgonjwa wako amelala salama, chukua metro hadi kituo cha ITO. Karibu hapo, Bahadur Shah Zafar Marg, kuna Shankar's International Dolls Museum, iliyoanzishwa mwaka 1965 na mchora katuni K. Shankar Pillai. Alipewa zawadi ya mwanasesere mmoja na balozi wa Hungaria, akaanza kukusanya. Leo ni zaidi ya 6,000 kutoka nchi zipatazo 85. Jengo hilohilo lina karakana ambamo wanasesere wa Kihindi hutengenezwa kwa mkono, wakivikwa mavazi ya majimbo. Kama unataka kununua kitu halali na kizuri bila kuhangaika na wauza vya kale, ulizia hapo kwanza.

Japani, Tokyo, shuka Asakusabashi. Mtaa huo una nyumba kongwe za biashara ya wanasesere, mojawapo, Yoshitoku, ilianza mwaka 1711. Nenda Januari au Februari, kwa sababu tarehe 3 Machi ni sikukuu ya wasichana, Hinamatsuri, na familia hupanga wanasesere wa mfalme, malkia na watumishi wao kwenye ngazi zilizofunikwa kitambaa chekundu. Kwa makumbusho, toka nje kidogo hadi Iwatsuki, Saitama, mji wa mafundi wa wanasesere, ambao tangu Februari 2020 una makumbusho yake. Ukipenda kokeshi, panda hadi Naruko, Miyagi. Zungusha kichwa cha kokeshi wa Naruko na utamsikia akilia. Fundi hutia sahihi yake chini, kwenye kitako. Asiye na sahihi mara nyingi ni wa zawadi tu.

Uingereza kuna Museum of Childhood ya Edinburgh, kiingilio bure, iliyoanza mwaka 1955. Uswisi kuna Spielzeug Welten Museum katikati ya Basel. Marekani, makumbusho ya The Strong ya Rochester, New York, imejengwa juu ya mkusanyiko wa Margaret Woodbury Strong, aliyependa wanasesere kuliko kitu kingine. Kansas City nako kuna makumbusho ya vichezeo na vitu vidogo, na mji huo huo ndio makao ya shirikisho la vyama vya wakusanyaji wa Marekani, lililoundwa mwaka 1949. Ukiishi huko, jiunge na chama cha karibu. Wazee wa vyama hivyo hufundisha bure na kwa upendo.

Hatua ya 6: Ndani ya makumbusho, zoeza jicho

Usizunguke vyumba vyote kwa haraka. Chagua mwanasesere mmoja wa aina unayoitafuta, simama mbele yake dakika kumi. Tazama uwiano wa kichwa na mwili. Tazama mikono: vidole vimeachana au vimeungana? Tazama nyusi, zimepakwa kwa mstari mmoja au kwa vistari vingi vyembamba? Tazama mshono wa nguo na aina ya vifungo. Chora kwenye daftari hata kama hujui kuchora. Picha ya simu hukupa uso, mchoro hukulazimisha kuona. Ukipiga picha, zima flashi. Mwanga mkali huchosha rangi za vitambaa vya kale.

Kisha zungumza na mlinzi wa chumba. Amekaa na wanasesere hao miaka, na wageni wengi humpita bila salamu. Msalimie, mwulize ni nani anayempenda yeye, halafu mwulize fundi wa kutengeneza yuko wapi mjini na gulio la vitu vya kale ni lini. Majibu hayo hayapo kwenye ramani.

Hatua ya 7: Dukani, mgeuze

Sasa uko tayari kununua. Omba ruhusa, kisha shika kichwa kwa mkono mmoja na kiwiliwili kwa mwingine.

Mgeuze uangalie kisogo, chini ya nywele. Chapa ya mtengenezaji hukaa hapo. A.M. ni Armand Marseille wa Köppelsdorf, kitongoji cha Sonneberg. Utakutana pia na Simon & Halbig, Kestner, na kwa Ufaransa Jumeau. Namba zinazofuata si mwaka. Ukiona A.M. 390, hiyo 390 ni namba ya kalibu, na kwa kuwa vichwa vya kalibu hiyo ni vingi mno, usikubali kuuziwa kwa bei ya adimu. Ukiona neno Germany, kumbuka kuwa sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa zinazoingia huko ziandikwe nchi zilikotoka. Kwa hiyo neno hilo hukuelekeza kwenye mwaka 1891 na kuendelea. Kutokuwepo kwake hakuthibitishi chochote. Kwa Barbie mtego ni mwingine: wengi wana 1966 mgongoni au kiunoni. Huo ni mwaka wa haki za umbo la mwili, na aliyetengenezwa miaka ya 1990 anaweza kuwa nao. Atakayekuuzia kwa bei ya mwaka huo ama hajui ama anategemea hujui.

Omba wigi inyanyuliwe, washa tochi ndogo ndani ya kichwa. Ufa utaonekana kama uzi mweusi dhidi ya mwanga. Ufa wa kisogoni hupunguza bei. Ufa wa usoni huipunguza sana. Pitisha kidole shavuni: pakiteleza kama plastiki mahali pamoja, pamezibwa na kupakwa rangi upya.

Linganisha kichwa na mwili. Hapa ndipo nilipoanguka mimi. Shingo inapaswa kukaa kwenye tundu lake bila kuyumba, na ukubwa wa kichwa ulingane na mabega. Uliza wazi: kichwa na mwili ni vya asili? Muuzaji mwaminifu atakujibu na ataliandika jibu kwenye risiti. Asiyetaka kuandika, mwache na mali yake.

Seluloidi, ile plastiki ya kwanza, inusiwe. Isugue kidogo kwa kidole. Hutoa harufu kama ya kafuri. Mwenye alama ya kobe ametoka kiwanda cha Mannheim. Ni wazuri na wepesi, ila hushika moto upesi sana na hawapendi joto. Kwa nyumba za pwani yetu mimi siwashauri.

Kuhusu wanasesere weusi. Utawakuta, na moyo utashtuka, kwa namna mbili. Wako waliofinyangwa kwa heshima: viwanda vya Ujerumani vilitoa nyuso za kauri za kahawia zenye macho mazuri. Na wako waliofinyangwa kwa kutukejeli, midomo mikubwa, macho yamekodolewa, pete puani. Wauzaji huwachanganya kwenye kabati moja na kuwapa jina moja. Mimi nanunua wa kwanza na sinunui wa pili, ingawa najua wakusanyaji Weusi wa Marekani wanaowanunua makusudi ili historia ile isifichwe, na nawaheshimu. Amua msimamo wako kabla hujafika kabatini. Ukitaka plastiki, kuna tarehe za kukumbuka: Christie, rafiki wa Barbie, alitoka mwaka 1968, na Barbie mweusi mwenye jina la Barbie mwenyewe alitoka mwaka 1980, akiwa amebuniwa na Kitty Black Perkins.

Hatua ya 8: Malipo, kodi na forodha

Magulioni beba taslimu, noti ndogo. Fika alfajiri kwa vitu, fika jioni kwa bei. Paris, soko la Saint-Ouen hufunguliwa Jumamosi hadi Jumatatu. Jumatatu wauzaji wanachoka na husikiliza.

Risiti daima. Mgeni asiyeishi Umoja wa Ulaya hurudishiwa kodi ya ongezeko la thamani kama amenunua dukani kwa zaidi ya yuro 50 Ujerumani, au zaidi ya yuro 100 Ufaransa. Omba fomu dukani, na uwanja wa ndege gongesha muhuri wa forodha kabla hujakabidhi mzigo. Lakini wauzaji wengi wa vitu vya kale hutoza kodi kwenye faida yao tu, na hapo hakuna cha kurudishiwa; uliza mapema. Uingereza iliacha kuwarudishia wageni kodi ya dukani tangu mwaka 2021.

Usinunue mwenye pembe ya ndovu, gamba la kasa au manyoya ya ndege usiyemjua, hata akiwa mdogo kiasi gani. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini unamgusa. India inakataza kutoa nchini vitu vya kale vilivyozidi miaka mia. Na ukifika nyumbani tamka kwa afisa ulichonacho, mwoneshe risiti.

Hatua ya 9: Kumfunga na kumlaza

Wa kauri hasafiri kwenye mzigo wa chini ya ndege. Anasafiri nawe. Mwenye macho ya kufumba ana uzito wa risasi ndani ya kichwa; mlaze kifudifudi ili uzito huo usigongegonge kauri, na jaza karatasi laini nyuma ya macho kama wigi inanyanyuka. Funga kichwa peke yake kwanza, kisha mwili. Kanga mbili hufanya kazi nzuri kuliko plastiki ya viputo, na zinapumua.

Nyumbani pwani adui ni unyevu, halafu nondo na mende. Usimfungie kwenye mfuko wa plastiki, atapata ukungu. Mfunge kwa pamba safi, mweke kwenye kabati lisilopigwa na jua, tia vifuko vya karafuu pembeni bila kugusa nguo. Mfungulie mara moja kwa mwezi apate hewa. Na umwandikie kikaratasi: jina, chapa ya kisogoni, mji, tarehe, bei, aliyekuuzia alisema nini.

Hatua ya 10: Ukiwa na siku ya ziada, mtafute mwanahiti

Mwanahiti ni mtoto wa mti wa Wazaramo na majirani zao Wakwere, Waluguru na Wakutu: kiwiliwili kama gogo dogo, hana mikono, ana kitovu na matiti, na nywele zimesukwa kama vilele viwili. Mwali alipewa akiwa ndani. Alimwogesha, akampaka mafuta, akamlea kama mwana atakayemzaa.

Wengi wako makumbusho ya Ulaya na Marekani, hasa Ujerumani, kwa sababu ya miaka ile ya utawala wao. Wachache wamewekwa kabatini. Wengine wako stoo. Kwa hiyo anza na hifadhidata ya intaneti ya makumbusho unayokusudia, mathalani Ethnologisches Museum ya Berlin. Ukiandika "mwanahiti" ukakosa, jaribu "mwana hiti", kisha "Zaramo", kisha "Saramo" na "Usaramo", ndivyo Wajerumani walivyoandika. Jaribu na "Puppe". Nakili namba ya kitu, kisha andika barua wiki sita au zaidi kabla ya safari, ukitaja namba hiyo, kwamba unatoka Tanzania na ungependa kumwona. Omba pia picha za pande zote na nakala ya maelezo ya nani alimleta na mwaka gani.

Nilipokelewa hivyo mara moja. Alitolewa kwenye sanduku la kijivu, akalazwa juu ya povu jeupe, na mhudumu akanipa glavu. Alikuwa mdogo kuliko kiganja na vidole vyangu, na tumboni alikuwa bado anang'aa, mahali alipopakwa mafuta na mikono ya mtu. Picha zake niliziweka kwenye simu, na niliporudi nikampelekea bibi mmoja wa Kizaramo, jirani yetu, ambaye alichezwa zamani. Aliishika simu kwa mikono miwili, akamtazama muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, na huko nani anamwogesha?"